Mbaazi Chini ya Taa

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo nimeipinga tangu utotoni, maana mbaazi wetu ulikuwa na haki.

Kwetu Ngamiani, miaka ya hamsini, mama alipika mbaazi za nazi za kuuza asubuhi, na shoga yake wa nyumba ya pili alikaanga maandazi. Mteja wa mmoja alikuwa mteja wa mwingine. Mwaka mmoja ikasimikwa nguzo ya taa ya umeme mbele ya baraza yetu. Mibaazi miwili iliyokuwa pale ikanawiri majani, maua hakuna. Wa tatu, wa mbegu ile ile, uliokuwa nyuma ya jiko, ukachanua kama kawaida.

Mama hakuutazama wa nyuma. Alisimama barabarani, mbele ya kadamnasi, akasema jicho la husuda la shoga yake ndilo lililofunga maua. Yule akamjibu kwa methali hiyo hiyo, akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo maandazi yaliuzwa mtaa mwingine, na mbaazi za mama zikalala chunguni. Nilimpenda yule shoga wa mama. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Niliumia, tena nilikasirika.

Mimi ni mbishi, na nikibisha nataka ushahidi. Niliomba kaniki kuukuu, ile nguo nyeusi, nikawa naufunika mbaazi mmoja kila magharibi na kuufunua asubuhi. Mwenziwe nikauacha vivyo hivyo. Mama aliridhia upesi, akidhani nauficha na jicho. Baada ya majuma kadhaa, ule wa kaniki ukatoa maua ya manjano. Mwenziwe, majani matupu.

"Umeona?" mama akasema. "Jicho limezibwa!"

"Mama, mchana uko wazi, naye hupita hapa kutwa. Usiku, nikishaufunika, yeye yuko kwake kalala. Kisicholala ni taa."

Mama akainua macho kuitazama taa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa baiolojia, nilijifunza kilichokuwa ndani ya majani yale. Mimea ya namna hii hupima urefu wa giza. Giza likikatizwa na mwanga, protini za kuzuia hung'ang'ania DNA pale jeni ya kuchanua inapoanzia, jeni isisomwe. Jeni ipo, nzima kabisa. Giza likitosha, vizuizi hupungua, jeni husomwa, ua huja. Wanafunzi wangu hudhani mmea usiochanua umepungukiwa na kitu. Nawaambia hapana, kuna kitu kimeukalia.

Siku ile sikuwa na maneno hayo, wala mama hakuyangoja. Alikata tawi lenye maua, akaenda kwa shoga yake nami nyuma.

"Shoga, niwie radhi."

Yule hakulipokea tawi. "Ulinisema barabarani," alisema.

Mama hakuwa mtu wa kuomba radhi, hata kwa baba. Nilidhani tutarudi nyumbani. Badala yake alitoka hadi kwenye nguzo ya taa, watu wakitoka kuswali alasiri, akapaza sauti: "Shoga yangu jicho hana! Mimi nilimsingizia!" Sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu saa ile.

Watu walisimama, wakatazamana. Shoga yake alikuwa mlangoni, unga mikononi.

"Haya, kesho," akauliza, "nikaange mangapi?"