Kumbikumbi alionipa Mama leo

Leo Mama amenipa kumbikumbi, na nimeshindwa kula hata mmoja.

Mvua ilipokatika nilimtoa nje, kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Old Kampala.
Siku hizi ananiita "dada". Anadhani mimi ni jirani.

Nikampa vijiti viwili na ubao.
Jamani, mikono haijasahau. Aligonga ubao vilevile alivyonifundisha utotoni kule Bungoma, kumbikumbi wakadhani mvua imerudi, wakatoka tele.

Tukacheka. Nami nikadhani amerudi.

Akawafunga kwenye leso yake, akanishikisha.
"Dada, mpelekee Nekesa wangu. Anawapenda hawa kuliko nyama."

Nekesa ni mimi.

Nikamwambia, "Sawa, Mama, nitamfikishia."

Bado wanafurukuta ndani ya leso. Nyinyi mngemjibu nini?