Siku Niliposhuka Lori Mlali

Mwaka niliojitolea kwenye zahanati ya misheni kule Mgeta, swali lililonichosha kuliko yote lilikuwa hili: "Umefuatana na nani?" Niliulizwa Korogwe nikiwa njiani kutoka kwetu Taita. Nikaulizwa Turiani, basi lilipoharibika tukakaa kutwa nzima kando ya barabara. Nikaulizwa Morogoro na mkata tiketi, na muuza chai, na mwanamke niliyempisha tu njiani. Nikijibu kwamba niko peke yangu, naletewa jingine: "Peke yako na nani?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimesomea kazi ya kuwahudumia wazazi na watoto wachanga, na padri wa parokia yetu alipotangaza kanisani kwamba wenzake wa Uluguru, ng'ambo ya mpaka, wanatafuta mtu wa kuwasaidia mwaka mmoja bila mshahara, nilinyoosha mkono kabla mama yangu hajawahi kunikanyaga mguu. Nimezaliwa milimani. Nimevuka mpaka na sanduku langu kichwani. Sikuona kwa nini safari ya nusu siku kwenda mjini kuchukua dawa ihitaji mlinzi.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila mwezi nilishuka Morogoro na lori la mboga, juu ya makabichi na magunia ya njegere, na kesho yake nikapanda nalo likiwa limebeba chumvi, mafuta ya taa, matenga matupu na abiria. Dereva alikuwa mtu wa makamo wa pale mjini, mpole, mwenye kofia iliyofifia kwa kufuliwa. Hakuwahi kuwasha gari kabla ya kusimama mbele ya watu wote na kuuliza, "Nani anamchukua mgeni wa misheni?" Kama vile mimi ni kuku aliyefungwa miguu. Na siku zote alipatikana wa kunichukua. Mara ya kwanza alikuwa katekista aliyenisalisha rozari mafungu yote mpaka nikahama kando yake kwa kisingizio cha kichefuchefu. Mara ya pili na ya tatu walikuwa watu na wake zao, na hao wake walinikagua kuanzia viatu mpaka nywele wakinitafutia mume.

Mara ya nne, wakati wa masika, nilikabidhiwa bibi.

Alikuwa mwanamke mzee wa bonde la chini ya misheni, mfupi, mwenye magoti mabovu aliyoyafunga vitambaa. Alikuwa ametoka kumtazama binti yake mjini. Dereva alimwita mbele za watu.

"Bibi, huyu nakukabidhi. Umfikishe kwa masista."

"Nimeitikia," alisema bibi.

"Shikamoo bibi," nilisema, "lakini njia naijua."

"Marahaba mjukuu wangu. Njia inajulikana na kila mtu. Sogea."

Tukakaa mbele na dereva, mimi katikati, sanduku la bendeji na dawa za macho miguuni. Hatujatoka mjini, bibi alishaanza.

"Mama yako ni wa lukolo gani?"

Lukolo kwao ni ukoo, na ukoo kwao hutoka kwa mama. Nikamweleza kwamba kwetu tunahesabu kwa baba. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia kwetu hakuna maji.

"Sasa ukifa, utazikwa na nani?"

"Sijapanga kufa, bibi."

"Ndiyo maana nakuuliza mapema."

Akauliza kama mama yangu anajua niko huku. Akauliza kwa nini nafanya kazi bila kulipwa, kama nimefanya kosa kwetu. Akanionyesha jinsi ya kukaa ili kiuno kisiume, akanishika goti kila tulipopita kwenye shimo, na nilipotoa ndizi nile, akaichukua, akaimenya, akanirudishia. Kufika Mlali, chini ya mlima, kichwa kilikuwa kinanigonga.

Mlali ndipo malori yaliposubiriana, kwa sababu kule juu barabara ilikuwa nyembamba na magari mawili hayakuweza kupishana. Tuliambiwa kuna lori linashuka, tungoje. Abiria walishuka kunyoosha miguu. Bibi alisinzia, mkono wake umeshika kona ya khanga yangu.

Niliuchomoa ule upindo kidole baada ya kidole. Sanduku nililiacha palepale. Lori hupita mlangoni pa misheni, kwa hiyo litafika, na hakuna atakayeliuliza limefuatana na nani. Nikateremka, nikapita nyuma ya maduka kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikashika njia ya miguu inayokata kona za barabara. Nilikuwa nimeipita mara mbili na wanawake wa misheni. Sikumuaga mtu.

Sitadanganya, ile ilikuwa safari yangu nzuri kuliko zote za mwaka ule. Njia ilipanda kati ya mashamba ya maharage yaliyolimwa kwenye miteremko mikali hata ukajiuliza mkulima alijifunga kamba wapi. Niliwasalimia watu, wakaitikia, nikapita kabla hawajauliza. Nilikunywa maji kwenye kijito. Mvua ilinikuta nimebakiza kidogo tu, na nilipofika barazani kwa masista nilikuwa nimelowa mabega tu. Sista msimamizi wa zahanati aliniuliza lori liko wapi. Nikamwambia linakuja. Nikanywa chai vikombe viwili huku nikijisikia mshindi.

Lori halikuja. Mvua ilizidi. Saa kumi na moja jioni hivi, tukaona watu wanapanda kwa miguu, mmoja mmoja, wamejitwika vitu vyao, matope mpaka magotini. Wa mwisho alikuwa bibi. Sanduku langu la dawa lilikuwa kichwani pake, limefunikwa kwa khanga yake, na yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Alilishusha barazani taratibu, akajishikilia nguzo, akaniona na kikombe mkononi.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, bibi."

"Nilikuja kuwaambia masista kwamba nimempoteza mtoto wa watu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sasa nitamwambia nani?"

Ikabidi nisimuliwe. Lori la kushuka lilikuwa limepita Mlali mapema tu, lakini dereva alikataa kuondoka. Alikuwa ameniulizia kila duka. Wanaume wakashuka mtoni kutafuta, wanawake wakaingia kwenye mahindi wakiita, "Sista, sista," kwa sababu hakuna aliyelijua jina langu, ingawa nilikuwa nimeshawaambia mara nyingi kwamba mimi si sista. Saa kadhaa zilipotea hivyo. Walipokata tamaa na kuanza kupanda, mvua ikawa imeshanyesha na barabara imekuwa utelezi. Lori likazama kwenye kona ya tatu, na abiria wakatembea. Kumbe hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu mwenye akili anaweza kutembea mwenyewe mpaka nyumbani.

Nilimwambia hivyo. Sijivunii, ila nilimwambia. "Bibi, mimi ni mtu mzima. Sikuomba kulindwa."

"Wala mimi sikuombwa," alijibu. "Nilikabidhiwa. Watu wote wa lori walinisikia nikiitikia. Ungenyanyuka ukaniambia, bibi, nataka kutembea, ningesema tembea, na dereva angesikia, na mambo yangekwisha. Umenitoka kama mwizi wa kuku."

Sista alimletea chai na nguo kavu, na mimi nikaambiwa niyafungue yale magoti niyakande kwa maji ya moto. Yalikuwa yamevimba kama viazi. Niliyakanda nimenuna. Nilikuwa na hasira naye, na dereva, na watu wote wa lori, na zaidi nilikuwa na hasira kwamba alichosema kilikuwa kweli na kwamba kilikuwa chepesi namna ile. Ningeweza kusema tu.

Mwezi uliofuata dereva alikataa kunipakia. Hakugomba. Alifunga turubai lake huku akisema, "Mwanangu, mpaka bibi mwenyewe aseme." Nikamweleza kwamba watoto watakosa dawa. Akasema anasikitika sana kuhusu watoto. Lori likashuka na makabichi, nikabaki barabarani na barua ya sista mkononi.

Basi nikashuka bondeni kwenda kumtafuta. Nilimkuta shambani, amekaa chini juu ya gunia, anapalilia maharage kwa kujivuta, kwa kuwa hakuweza kuinama. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuacha kazi. Nikamweleza haja yangu, nikamwomba radhi pia, ingawa maneno yenyewe yalitoka makavu.

"Jembe jingine liko pale," alisema.

Nikachukua jembe. Nikapalilia mstari, akasema nimekata mizizi. Nikapalilia mwingine, akasema kwetu huenda maharage yanaota angani. Jua lilikuwa kali. Nikamwuliza mara ya pili kama atakwenda nami mjini, akanijibu kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kiume na amepewa jina la mjomba wa mama, kama inavyotakiwa. Nikauliza mara ya tatu. Akauliza kama naweza kumpandisha ngazi ya lori bila kumuumiza magoti. Nikasema nitaweza. Akauliza kama nitakuja na ndizi. Nikasema nitakuja nazo.

Akafika mwisho wa tuta lake, akapangusa jembe kwa kiganja.

"Ijumaa alfajiri," alisema. "Na mstari ule wa pale umeuacha na majani."