Kifuniko cha Kamongo

Kule Kulesa, ukimsalimu Rosina kwa uchangamfu uliozidi atakuuliza unataka nini. Hakuzaliwa hivyo. Miaka ya nyuma walikuja watu na gari jeupe, wakapima mashamba ya kando ya Mto Tana, wakachomeka vigingi, wakasema wanahesabu miembe tu. Mwaka uliofuata mashamba yale yakawa na mwenyewe mwingine kwenye karatasi. Wanakijiji waliyapigania mpaka wakarudishiwa, lakini mume wa Rosina alikufa akiwa bado anazungushwa maofisini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi Januari alipotokea msichana aliyejitanda mtandio, kamera shingoni, tepu ya kupimia mkononi, akisema anatafuta samaki kwenye nchi kavu, unadhani alikaribishwa chai?

"Nimeambiwa hakuna anayemjua kamongo kukushinda wewe, mama," msichana alisema. "Naitwa Muna. Natoka Garsen, nasomea uhandisi."

"Garsen kwa nani?"

Muna akamtaja baba yake, na Rosina akaguna. Mworma, tena binti wa mwenye ng'ombe, anapimapima kando ya mto kiangazi hiki! Huyo anatafuta malka, njia ya kupitisha mifugo kwenda kunywa maji, na malka ikishapita shambani mwako, ndizi utazisimulia tu.

Muna alieleza kwa subira. Kamongo, maji yakikauka, hujichimbia topeni, akajifunika utando wa ute wake mwenyewe, akalala hivyo miezi mpaka mafuriko yarudi. Yeye alitaka kuiga utando ule kwa gundi ya mgunga na udongo, atengeneze kifuko cha kupandia mche. Unatia maji mara moja tu, mche unamaliza kiangazi. Akifaulu, ataleta miembe ipandwe kule juu, mto usikofika.

Hapo moyo wa Rosina ulicheza, maana shamba lake lilikuwa likiliwa. Kila mafuriko yalimega kipande cha ukingo, na lililobaki halikufika nusu ya lile alilolikuta alipoolewa. Huko juu tu ndiko angeweza kuwaachia wajukuu chochote. Lakini maneno matamu humtoa nyoka pangoni, akajikumbusha, na yeye hatoki.

Akakubali kumwonyesha samaki mmoja, ili aondoke. Walipofika kwenye dimbwi lililokauka, yeye alitangulia. Penye kamongo aliyelala pana kifuniko cha udongo kwenye mdomo wa shimo lake, kidogo kama cha soda, chenye vitundu kama sega. Kwao Rosina, mama humfundisha bintiye alama hiyo na hawamwambii mgeni. Huyu akiijua, alifikiri, kesho watakuja ishirini, na nyuma yao vigingi. Akakiona kifuniko, akakisaga kwa kisigino.

"Hapa," akaita.

Muna akapiga magoti, akapima shimo, akapiga picha. "Kumbe mdomo huwa wazi kabisa!"

"Si umeona mwenyewe?" akasema Rosina.

Mei mto ulifurika, ukaondoka na hatua ishirini nyingine za shamba pamoja na migomba yake. Agosti Muna akarudi kama alivyoahidi, na kutimiza ahadi kwenyewe kukamtia Rosina wasiwasi mpya. Ililetwa miche arobaini ya miembe ndani ya vifuko, ikapandwa uwanjani kule juu, kumi na miwili ikiwa ya Rosina. Akauzunguka uwanja ule mara mbili akitafuta vigingi. Hakuona kigingi, hakuona hata kwato la ng'ombe. Alichoona ni vifuko arobaini, vyote midomo wazi.

Majani yalipoanza kujikunja, yeye peke yake alijua kwa nini. Jua lilikuwa likinyonya maji kupitia ile midomo. Kila asubuhi alikwenda akiwa ameazimia kutuma ujumbe Garsen, na kila asubuhi aibu ikamrudisha nyumbani. Oktoba ilipokwisha, miembe yote ilikuwa kuni.

Muna alikuja kuomba radhi. Hebu fikiria, yeye ndiye aliyeomba radhi!

"Nimewapotezea muda, mama. Hesabu zangu zilikosea. Chuoni wamesema niachane na jambo hili." Akakaa chini kwenye vumbi, akalia bila kujificha.

Rosina aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akamshika mkono, akampeleka dimbwini, akatafuta kwa macho, kisha akanyoosha kidole.

"Kile pale, usikiguse. Hicho kinapitisha pumzi, maji hakiyaachii jua. Hata siku ile kilikuwepo. Nilikivunja mimi kwa mguu."

Muna akakiinamia kile kifuniko. Rosina alisubiri atukanwe. Tusi lingempunguzia mzigo.

"Ulidhani nimekuja kuchora malka," Muna alisema hatimaye.

"Ndiyo, mwanangu."

Muna hakuitoa kamera. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akamkagua Rosina toka utosini hadi miguuni, kwa macho ambayo Rosina aliyafahamu vizuri, maana ndiyo aliyowatazamia wageni miaka yote.

"Na hiki," akauliza, "ni cha kamongo kweli?"