Nywele za Rangi Mbili

Siku ya kwanza Muema kumtia Chengo machoni, mzee alikuwa anapigwa. Ilikuwa siku ya mnada wa mbuzi pale Taru, jua la saa nne, na vijana watatu walikuwa wamemweka kati kando ya zizi wakimshushia bakora kama watu wanaopura maharagwe. Mzee hakulia wala hakuomba. Alipoinuka mara ya pili alikuwa na jiwe mkononi, na kijana aliyekuwa karibu naye aliondoka pale akitema meno mawili. Wenzake wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli kwingine.

Kisha mzee akavuka barabara kuu, damu ikimchuruzika shingoni, akaja moja kwa moja kwenye kibanda cha Muema.

"Hodi, kinyozi."

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una piko?"

Muema alidhani amesikia vibaya. Mtu amepasuliwa kichwa, anaulizia rangi ya nywele.

"Mzee, tuoshe jeraha kwanza."

"Jeraha litapona lenyewe," mzee akasema, akainamisha kichwa. Chini ya damu, mashina ya nywele yalikuwa meupe kama tui.

Muema alikuwa ametoka Ukambani mwaka uliotangulia, na mkasi, kioo kikubwa na kiti kimoja. Wenzake wa rika moja kule kwao walikuwa wamejenga nyumba za mawe. Yeye, mtu wa haya na maneno machache, alikuwa amejenga kibanda cha mabati, akaandika juu ya mlango: Mafanikio Kinyozi. Chengo aliusoma ubao ule huku akifungwa kitambaa kichwani.

"Ubao wako unasema mafanikio. Yako wapi? Mimi naona ndoo na kiti."

"Yako njiani, mzee."

"Yakifika unipigie yowe nije niyaone."

Kule alikokaa Chengo, katika maboma ya Waduruma kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja kutoka mnadani, mvi zilikuwa hukumu. Mtoto akifa, ng'ombe wakianguka, mvua ikikosa, vidole vilielekea kwa mwenye kichwa cheupe. Na mara nyingi mwenye kichwa cheupe ndiye aliyekuwa pia mwenye shamba. Kaka yake Chengo alikatwa mapanga mchana, akisokota kamba ya mbuzi, na waliomkata wakaja matangani wakala nyama. Tangu siku hiyo Chengo alipaka piko. Wale vijana wa mnadani walikuwa wameyaona mashina tu, kwa kuwa alichelewa kupaka siku chache.

Basi kila baada ya wiki tatu alikuja. Muema alimnyoa, akampaka, na sharti lilikuwa moja.

"Nywele zangu usizimwage. Zichome, na usiondoke mpaka moto umekula unywele wa mwisho."

Siku moja, piko ikikauka, mzee alimwuliza, "Wewe hasa, ukifaulu utakuwa na nini?"

"Nyumba ya mawe kule kwetu. Mama asiwaonee haya majirani."

"Si haba. Baba yangu waliniulia mvi zikiwa hapa," akagusa sikio. "Babu yangu hata hapo hakufika. Mimi nataka nikae mlangoni pangu asubuhi, kichwa cheupe pe, watu wapite wanisalimie, halafu nife kwa homa. Hapo nitakuwa nimefaulu."

"Kwa homa, mzee?"

"Hata kuhara, mwanangu. Sichagui."

Aliyehesabiwa kuwa amefaulu katika ukoo ule alikuwa Japheth, mpwa wake Chengo, mtoto wa dada yake. Alikuwa na pikipiki mbili na miwani ya jua. Alikuwa pia amepata mtu wa kununua shamba la mjomba wake, upande unaogusa barabara, atengeneze maegesho ya malori. Kilichobaki kilikuwa dole gumba la Chengo kwenye karatasi, na Chengo alikuwa amelikataza dole lake.

Kosa lilikuwa la Muema. Siku nyingine ya mnada alimnyoa Chengo asubuhi, mkaa ukawa umekwisha, na wateja wakajaa. Akazifagia zile nywele pembeni, akazifunika na gazeti, akajiambia atazichoma baadaye. Saa sita Japheth akaketi kitini. Muema alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa pale ufunguo wa pikipiki ulipomponyoka mteja wake. Japheth akainama kuuokota, akasogeza gazeti.

Akaokota kishungi kimoja, akakigeuza mwangani.

"Hizi ni za nani?"

"Za mteja," Muema akasema.

"Nyeusi huku juu, nyeupe huku chini. Mteja gani, Mkamba?"

Kunyamaza kulikuwa ndiko uzio wa Muema maisha yake yote. Siku hiyo uzio ulikuwa wazi, kila mtu aliona ndani.

"Mwanangu alipokufa," Japheth akasema polepole, "mjomba alikuja kunipa pole na kichwa cheusi kama cha kijana. Mtu anayeficha mvi anaficha na mengine."

"Japheth, yule ni mjomba wako."

"Ndiyo maana namjua."

Akazifunga zile nywele katika kipande cha gazeti, akatoka nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nje alipaza sauti neno moja tu la kwao, mtsai, yaani mchawi, na wanaume watatu wakaacha mbuzi wao wakapanda pikipiki zake.

Muema alisimama na mkasi mkononi. Kisha akauweka, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita.

Alipofika, paa la makuti la nyumba ya Chengo lilikuwa linawaka. Sidi, mke wa mzee, alipishana naye njiani akikimbia kuelekea barabarani, leso imemwanguka, akipiga mayowe. Chengo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ghala la mahindi akipigana kwa jembe. Mtu mmoja alikuwa ameketi chini ameshika goti lililopasuka. Wengine wawili walikuwa wakimrushia mawe kutoka mbali, na Japheth akamjia kwa ubavuni. Panga lilishuka mara moja. Mkono wa kushoto wa mzee ukabaki umening'inia kwa ngozi. Panga likapanda tena.

Muema hakuwahi kumpiga hata punda. Aliuona mchi umelala kando ya kinu, akauinua, akampiga Japheth kwenye bega, akasikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Akampiga tena. Japheth akaanguka kifudifudi, ule upande ulionyolewa ukiwa juu, na Muema akauinua mchi mara ya tatu juu ya ngozi aliyoisafisha mwenyewe saa moja iliyopita.

"Basi," Chengo akasema kutoka chini. "Basi, kinyozi. Huyo ni mtoto wa dada yangu."

Wakati huo ndipo Sidi alipotokea na madereva sita wa malori aliowasimamisha barabarani, wameshika spana za magurudumu. Wenye mawe walikimbia. Mwenye goti hakuweza, na madereva walimvunja la pili. Japheth alichukuliwa na polisi hivyo hivyo, kichwa nusu nusu.

Chengo alipelekwa mpaka hospitali ya Msambweni, mkono ukaondolewa. Wiki ya tatu Muema alikwenda kumwona, na kichupa cha piko mfukoni. Hakikuhitajika tena. Mvi zilikuwa zimemjaa mzee kichwa kizima, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimpa shikamoo, naye akiziitikia zote moja moja, bila haraka.

"Mzee, zile nywele ni mimi niliyeziacha," Muema akasema, macho sakafuni.

"Najua. Japheth alinirushia usoni kabla ya panga." Akasogea kumpa nafasi kitandani. "Nawe ukaja. Kaa, kula chungwa."

Wakala machungwa. Jeraha lilikuwa linanuka, na wote wawili walijua. Homa ilimchukua siku nne baadaye, Sidi akiwa kando yake, kabla Muema hajapata nafasi ya kurudi. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyomwachia ni yale aliyomwambia siku hiyo, Muema akiwa ameshaaga na amefika mlangoni pa wodi.

"Kinyozi, ukija tena njoo na kioo, kile kikubwa cha dukani. Wauguzi hapa wananiambia nimependeza, nami nataka nijionee mwenyewe."