Moshi wa Sabato

Sabato iliyopita mjukuu wangu alikuja mbio kumsemea jirani kwangu, eti anafua nguo. Nilimkaripia mtoto, kisha nikamkumbuka Mama Moraa, mke wa baba mdogo.

Nilikuwa mtoto. Kwetu chakula cha Sabato kilipikwa Ijumaa, na moto haukuwashwa tena mpaka jua litue. Alasiri ya Sabato moja nikasikia harufu ya moshi na uji wa wimbi kutoka jikoni kwa Mama Moraa. Niliamini moshi ule ungemfikia Mungu kabla ya maombi yetu. Nikakimbia kanisani, nikasema mbele ya watu wote kwamba anapika.

Mzee wa kanisa akanishika kichwa. "Huyu ndiye mtoto wa mbinguni!"

Mama Moraa akaitwa. "Jirani amejifungua leo asubuhi," akasema. "Nimpe uji baridi?"

"Sabato ni Sabato, mama," mzee akamjibu. Wakamfuta kwenye kitabu cha kanisa. Nami nikajiona malaika.

Tuliendelea kuishi boma moja, na salamu yangu aliitikia. Lakini hakuniita tena jikoni kunipa ukoko wa ugali. Alikufa kabla sijajua kuomba msamaha.

Siku hizi kanisani hunikalisha kwenye kiti cha mbele. Ningekiacha kiti hicho leo, niketi chini karibu na mafiga ya Mama Moraa, aniambie, "Kula, mwanangu, usiungue ulimi."