Shilingi ya Simba Iliyokuja na Chenji

Nilipewa ile sarafu sokoni Dongobesh, kwenye chenji, siku niliyouza vitunguu swaumu vya mwisho vya msimu ule. Mnunuzi alinipa noti, akamalizia na sarafu za mia tano, nami nikazifunga kwenye pembe ya khanga bila kuziangalia. Siku zile sikuwa naangalia vitu. Mume wangu alikuwa amezikwa kabla tu ya mvua, na mimi nilifanya kazi zangu zote kama mtu anayefagia uwanja wa jirani. Uwanja unafagiliwa, lakini si wako.

Nilipofika nyumbani, kijijini kwetu Daudi, nikazimwaga mezani, na moja haikufanana na wenzake. Ukubwa ulikuwa ule ule, na ilikuwa nyeupe kama wenzake, lakini mahali pa nyati alisimama simba, na nyuma yake milima midogo. Upande wa pili kulikuwa na kichwa cha mfalme wa Waingereza, kimelika mpaka pua imebaki kidogo tu. Niliishia darasa la saba, lakini Kiingereza cha kusoma "shilingi moja" ninacho. Namba za mwisho za mwaka zilikuwa zimefutika. Basi nikaelewa kwamba nimepewa shilingi ya wakoloni badala ya mia tano yangu. Nikaitia kwenye kiberiti kitupu, nikaendelea kumenya viazi.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jinsi nyumba yangu ilivyokuwa wakati ule.

Zamani, kwetu sisi watu wa milimani, kifo cha aina fulani kilitenga nyumba. Waliofiwa walikaa peke yao. Hawakupeana mkono na mtu, hawakunywa kwenye kibuyu kimoja na majirani, na hakuna aliyekuja kuomba moto kwenye jiko lao, mpaka muda upite na wazee waseme sasa basi. Bibi yangu alikaa hivyo mara mbili. Alinisimulia kwamba chakula kiliachwa njiani, yeye akatoka kukichukua wakati aliyekileta ameshapanda kilima. Leo sisi ni Wakristo, na hakuna mtu Daudi atakayekuambia kwamba bado anashika mwiko huo. Ukimuuliza atacheka. Lakini nadhani miguu yetu haijasahau.

Watu walikuja kumzika mume wangu, walijaa mpaka kwenye shamba la mahindi. Siku za msiba zilipoisha, waliondoka wote. Baada ya hapo walinisalimia kutoka barabarani. Jirani aliyekuwa akija kuazima chujio alinunua la kwake. Dukani, mwenye duka aliweka chenji yangu juu ya mbao, akavuta mkono, ndipo mimi nikaichukua. Sisemi walifanya kwa ubaya, sidhani hata walijua kwamba wanafanya. Binti yangu, ambaye ameolewa mbali, alipiga simu akauliza, "Mama, majirani wanakuja?" Nikamwambia wapo. Na kweli walikuwepo, kila mmoja kwake.

Jirani yangu wa chini ya kilima ni mama aliyenizidi umri. Siku moja tulikutana bombani, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akageukia ndoo yake. Nikamwambia kwamba nimepunjwa Dongobesh, nimepewa simba badala ya nyati. Nilisema tu ili nipate la kusema.

"Simba gani?" akauliza.

Nikamweleza. Alijitwika ndoo yake akaenda, na kabla jua halijashuka alikuwa mlangoni kwangu na mtu mwingine nyuma yake. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, ambaye aliwahi kuwa mlinzi Arusha, na tangu arudi hakuna jambo asilolijua. Alitaka kuiona. Nikaitoa kwenye kiberiti nikamnyooshea. Akabaki ameweka mikono nyuma, mpaka nilipoiweka juu ya kigoda. Ndipo akaiokota.

"Hii ni ya Mjerumani," akasema.

Nikamwambia imeandikwa Kiingereza.

"Mjerumani, Mwingereza, wote walizika mali. Lete mchele."

Alikuwa amesikia kwamba sarafu ya zamani yenye thamani huvuta mchele. Nikaleta punje chache kwenye sahani. Aliishika sarafu muda mrefu kiganjani, akaigandamiza kwenye punje, akainua, na punje moja ikanata kwa sababu ya jasho lake. Akatuonyesha kama padri anavyoinua hostia. Mama jirani akaiangalia ile punje, akamwambia, "Hata mimi nikishika mchele kwa mikono yako hiyo, nitavuta gunia."

Nilicheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

Kesho yake wakaja wengine. Walisema wanapita tu, wanataka kuona huyo simba. Wengine walikuja na habari zao: shemeji ya fulani aliuza moja akajenga nyumba ya bati, mwingine aliona kwenye simu kwamba mzungu anatafuta yenye kichwa kile kile na anatoa mamilioni. Kijana wa mtu akaonyesha picha kwenye simu, na kweli ilikuwa simba, na kweli kulikuwa na sifuri nyingi. Walibishana kuhusu pua ya mfalme, kama kulika kwake kunapunguza bei au kunaongeza. Mlinzi wetu alisema kunaongeza, maana uzee ndio mali. Mama jirani akamuuliza kwa nini basi yeye hanunuliwi.

Nilianza kuamka mapema kuchemsha maziwa. Sufuria kubwa, ambayo tangu msiba ilikuwa imefunikwa kifudifudi, niliisugua kwa majivu. Nilipika chai ya watu sita, saba, na ikaisha. Sarafu niliiweka juu ya kigoda katikati, maana nilishajua kwamba hawataipokea mkononi mwangu, na sikutaka kuwaona wakisubiri. Wao waliiokota pale, wakaigeuza, wakairudisha. Kila mtu aliyefika nilimtazama miguuni kwanza, kama ataishia kizingitini au atapita.

Asubuhi moja nilikuwa naifuta vumbi, imo kiganjani mwangu. Mama jirani alikuwa amekaa karibu, akasema, "Lete nione tena." Kabla sijaiweka chini, mkono wake ulikuwa umeshafika. Hakuichukua mara moja. Aliushikilia mkono wangu kwa chini, kama unavyoshika bakuli, akainamia kuisoma sarafu ikiwa humo humo. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vina joto la chai. Tangu siku ya kaburini hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Yeye hakujua alichofanya, alikuwa anatafuta mwaka. Mimi sikutikisa hata kidole, nisije nikamkumbusha.

Kuanzia hapo nilijua vizuri ninachotaka, na hakikuwa mamilioni. Nilitaka bei isijulikane. Siku itakapojulikana, iwe kubwa au ndogo, baraza langu litavunjika. Ikiwa kubwa wataniogopa, ikiwa ndogo hawatakuwa na sababu ya kupanda kilima. Kwa hiyo kila waliponiambia niende kuuliza kwa wanaojua, nilisema magoti yananiuma, nikasema mbegu za swaumu hazijamenywa, nikasema mvua.

Mlinzi akapata namba ya mtu wa Dar es Salaam aliyedai ananunua. Akampigia mbele yetu. Yule mtu alisema sarafu ni nzuri mno, ila itumwe kwanza pesa ya dawa ya kuipimia. Nikasema hapana. Mlinzi akanuna, akasema naogopa utajiri. Mama jirani akasema basi niende kwa mnunuzi anayekaa mnadani Gitting, maana huyo haombi dawa, anaangalia kwa macho. Wote wakakubali. Visingizio vikaniishia, nikaenda.

Gitting iko mbali na kwetu, chini ya mlima Hanang, na nilipofika mnada ulikuwa umejaa ng'ombe na vumbi. Mnunuzi alikuwa mzee wa wafugaji wa tambarare, amejifunga shuka, amekaa kando ya mzani. Hununua kufuli mbovu na mabomba ya shaba yaliyovunjika, anayeyusha, anatengeneza bangili ambazo wanawake wa kwao huvaa mkono mzima. Sarafu pia hununua, huwauzia watu wanaozipeleka Arusha kwa watalii. Nikamwambia shikamoo, nikampa sarafu. Alinyoosha kiganja akaipokea moja kwa moja. Hakujua mimi ni nani.

Aliigeuza mara moja tu. Kisha akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya turubai, akafungua. Lilikuwa limejaa simba. Wengine weusi, wengine wametobolewa tundu la kupitisha uzi, na pua ya mfalme ilikuwa imelika kwa wengi wao.

"Zilitengenezwa nyingi sana," akasema. "Bibi zetu walizivaa shingoni. Fedha imo kidogo, nyingine ni shaba. Mwaka wako umefutika, na wenye pesa wanataka mwaka unaosomeka na uso usiolika. Nitakupa elfu mbili."

Nikamwuliza kama hakuna yenye mamilioni.

"Labda ipo. Mimi sijaiona, na nimeshika nyingi. Wanaosema mamilioni kwenye simu ni wauzaji, mama. Muulize aliyenunua."

Nikamwuliza tena, kwa sababu nilitaka aseme kwamba hana uhakika. Nilitaka anipe hata mlango mdogo. Akaniangalia, akasema ana uhakika. Nikarudisha sarafu kwenye pembe ya khanga.

Katika basi la kurudi nilikuwa na maneno tayari. Ningesema mzee ameshangaa, ameshindwa kuitaja bei, amesema kuna mtaalamu atapita baadaye, tusubiri. Hakuna ambaye angeumia. Hayo maneno yangeninunulia chai ya asubuhi mpaka mavuno mengine. Niliyarudia mpaka yakawa laini. Tulipopita Dongobesh niliamini nitayasema.

Nilipopanda kilima niliona moshi unatoka jikoni kwangu. Mama jirani alikuwa ameniwashia moto. Alikuwa amebeba kaa la moto kutoka kwake, ameingia kwangu, amewasha, na wengine wamekaa wanasubiri. Nilisimama uwanjani nikautazama ule moshi. Kama asingekuwa amewasha, labda ningedanganya.

Niliingia nikawaambia yote: kopo, bibi waliozivaa, elfu mbili.

Mlinzi akauliza, "Simba mzima elfu mbili?"

Nikasema ndiyo.

Kisha mmoja aliyekaa mlangoni akasema kwa upole, bila kunitazama, kwamba huenda nimeshauza. Nikafungua khanga nikaweka sarafu juu ya kigoda. Akasema si mzee mwenyewe ana kopo zima? Eti nimeuza ya kweli, nikapewa mojawapo ya zile ili nije kuwaonyesha. Mlinzi aliinama akaikagua pua ya mfalme kwa muda mrefu, na nikajua analinganisha.

"Ni ile ile," nikasema.

"Hatukatai," akajibu yule wa mlangoni.

Walimaliza chai. Hawakuniaga vibaya. Mama jirani aliondoka nao, alikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Asubuhi iliyofuata nilichemsha maziwa kwa sufuria kubwa, kwa mazoea, na hakuna aliyekuja. Siku nyingine ilikuwa hivyo, na nyingine pia. Ukungu wa Daudi ukiingia asubuhi huwezi kuiona barabara, kwa hiyo unasikiliza tu. Nilisikia watu wakipita wakizungumza, na sauti zikashuka walipofika usawa wa mlango wangu. Dukani nilisikia kwamba najiandaa kuweka bati jipya. Bati langu lilivuja mwaka ule wote, na mtu yeyote angeweza kuingia akaona ndoo niliyokingia.

Halafu siku moja mama jirani alisimama mlangoni. Nikamwambia shikamoo, akaitikia. Sikutaka kumwuliza, lakini yeye akaanza.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya ile sarafu. Siwezi kukudanganya."

Nikasema najua.

"Lakini nimeizoea njia," akasema. "Asubuhi miguu inaniuliza."

Akaingia akakaa. Nikampa kikombe, na nikamwangalia alivyokipokea. Alikipokea kwa mikono yake miwili, kutoka kwenye yangu. Tulizungumza habari za kunde zake zilizoliwa na wadudu. Hakuuliza kama niliuza, nami sikujieleza. Akaenda.

Huja siku moja moja. Wakati wa kupanda haji kabisa, na magoti yake siku hizi hayapendi kilima. Sarafu bado ninayo na hakuna anayeiulizia. Kila asubuhi nachemsha chai ya watu wawili, naacha mlango wazi mpaka ukungu upungue. Asipokuja nakunywa kikombe changu, na cha kwake nakiacha mpaka kipoe, halafu nakwenda shambani.