Lundo la Udongo la Mama

Enzi ya Mwingereza, kabla baba hajanichukua kwenda naye Sekenke alikochimba dhahabu, mama alipika chumvi karibu na ziwa, Singida. Alikwangua udongo wa chumvi, akautia kwenye chungu kilichotobolewa kitako, akaumwagia maji, na maji yaliyochuruzika akayachemsha mpaka yakauke. Udongo uliobaki hakuutupa kabla ya kuuonja. Wenzake wakiutupa mapema aliwaka: "Jamani, mnamwaga chumvi hiyo! Kwani kwenu mna duka?"

Alikufa nikiwa mbali. Sikumzika, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilirudi nikiwa mtu mzima, nikitaka kitu kimoja tu, kupaona pale alipokuwa akikaa kupika chumvi. Wapika chumvi walikwisha hama. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa anataka kulima viazi bonde zima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Patafute leo leo, kesho jembe linaingia."

Haya! Bonde lote mifereji. Watu wa kale walileta maji mashambani, na wapika chumvi nao walileta maji kwenye vyungu vyao. Ukiitazama, mifereji yote inafanana. Nilikwenda moja kwa moja penye upara, pasipoota jani, nikijua chumvi ndiyo iliyopaunguza. Nikachimba asubuhi nzima. Majivu hakuna, kigae hakuna. Kumbe lilikuwa shamba la zamani lililoharibiwa na maji yake lenyewe, yaliyoacha chumvi kila yalipokauka.

"Wee mtoto, umekuwa fuko?" mjomba akacheka. Nilitamani kumtupia jembe.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na malundo yenye nyasi, niliyoyapita asubuhi nikidhani ni vichuguu. Mfereji uliishia hapo hapo, haukwenda shamba lolote. Nikafukua: majivu, udongo ulioungua ukawa mwekundu, vitako vya vyungu vyenye matundu. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya udongo uliooshwa chumvi!

Lakini lipi la mama? Nikaonja la kwanza, bado lina chumvi. La pili, vilevile. "Wavivu hawa," nikasema, na sauti ilikuwa yake kabisa. La mwisho, lenye nyasi ndefu kuliko yote, halikuwa na chumvi hata chembe. Moyo ulinipasuka kwa hamu ya kumwona.

Mjomba naye akachota, akaonja.

"Hapa jembe haliingii," akasema. Akavua kofia, akaligeukia lile lundo. "Shikamoo, dada."

Tukasubiri wote wawili, tukijua hakuna wa kuitikia.